Juu ya Nini?

Katika Kiswahili cha Kenya neno "juu" hufanya kazi za watu watatu. Linaonyesha mahali: ndege katua juu ya mti. Linataja mada: tulizungumza juu ya mvua. Na kwa vijana, kuanzia Rongo mpaka Mbita, limekuwa jibu la kila "kwa nini": sikuja juu nilikuwa mgonjwa. Mtunzi wa istilahi huliogopa neno lenye kazi nyingi kiasi hiki, lakini ndilo tulilokabidhiwa siku tulipoambiwa tuwaeleze wanafunzi "lugha za programu za kiwango cha juu".

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, upande wa Migori, aliwahi kuniuliza: "Mwalimu, kama Python ni ya kiwango cha juu, ile ya kiwango cha chini wanasomeshwa waliofeli?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha swali likaning'ang'ania wiki nzima, maana mtoto yule hakukosea Kiswahili hata kidogo. Kwetu hoteli ya kiwango cha juu ni ile ambayo mshahara wa mwalimu haufiki, na bidhaa ya kiwango cha chini hurudishwa dukani kwa makelele. "Kiwango" tumezoea kukitumia kupima ubora. Iliyokosea ni istilahi.

Urefu unaotajwa kwenye istilahi hii hupimwa kuanzia kwenye mashine. Prosesa ya kompyuta, na hata ile iliyomo ndani ya kabambe ya mzee asiyetaka simu ya kupapasa, inajua kazi chache mno: kuchukua namba mahali fulani, kuihamisha, kuijumlisha na nyingine, kulinganisha mbili, kuruka kwenda kwenye amri ya mbele au ya nyuma. Kila kazi ina namba yake, na namba zote zimeandikwa kwa 0 na 1. Hiyo ndiyo lugha ya mashine, nayo ndiyo sakafu. Hatua moja juu ya sakafu ipo asembli, ambamo vifupisho vya herufi hushika nafasi ya namba, ila bado mwandishi anaiamrisha mashine kitendo kimoja kimoja, kama mtu anayemfundisha mgeni kula ugali kwa kumwambia: inua mkono, fungua vidole, shika tonge, funga vidole. Lugha ya juu zaidi inakuruhusu kusema "kula".

Chukua mama anayeuza omena ufukweni. Kauza gorogoro 3, kila moja kwa shilingi 250, na anataka kujua jumla. Kwa Python, mtoto wake ataandika:

gorogoro = 3
bei = 250
print(gorogoro * bei)

Mistari 3, na yeyote aliyewahi kupimiwa kitu sokoni ataufuata mwendo wake hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Chini yake kuna vitendo vingi mno ambavyo mtoto havioni: namba zimetengewa nafasi kwenye kumbukumbu, zimepelekwa kwenye prosesa, zimezidishwa, jawabu limegeuzwa kuwa alama za tarakimu, alama zimepelekwa kwenye kioo. Kadiri lugha inavyoyaficha mengi ya namna hiyo, ndivyo inavyohesabiwa kuwa juu. Gharama ipo: anayefichwa mengi hana amri juu ya yale aliyofichwa, na mara nyingi programu yake huenda polepole kuliko ya aliyeandika karibu na mashine.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Mbali na "kiwango", yapo mengine ambayo mtu angeweza kuyajaribu. "Daraja la juu" linavutia mpaka ukumbuke kwamba daraja ni la mto vilevile, na kwamba kwa masikio ya Mkenya linanukia matokeo ya mtihani. "Tabaka la juu" lina sura nzuri ya miamba iliyopangana, na Migori, pale Macalder na Osiri ambako watu huchimba dhahabu, hakuna asiyejua kwamba ardhi ina tabaka juu ya tabaka. Lakini tabaka la juu ni matajiri. Mwanafunzi wangu angeuliza kama Python inaishi mtaa wa Karen, Nairobi. (Tena tuko jirani mno na mji wa Tabaka, kule Kisii, wanakochonga vinyago vya mawe, nami ningehitaji aya nzima ya kuwatoa wasomaji huko.)

Kura yangu naipa "ngazi". Ngazi ni chombo cha kazi kabla ya kuwa sifa. Inaegemea kitu, ina vipago, na hakuna anayemsifu mtu kwa kuwa kwenye kipago cha saba ikiwa balbu anayoibadilisha iko kwenye cha tatu. Unapanda ukihitaji, unashuka ukihitaji. Ni kweli kwamba tunasema pia "viongozi wa ngazi za juu", nao hawashuki kwa hiari, lakini hata hapo neno linataja nafasi ya mtu kabla ya kumsifu. "Lugha ya programu ya ngazi ya juu" basi. Ni ndefu, nakubali. Ukishaitaja mara moja kwenye makala, "lugha ya ngazi ya juu" inatosha.

Bado hujajibiwa: juu kiasi gani? Mjini Homa Bay, mtu aliye kwenye kilima cha Asego akisema anashuka ziwani, anamaanisha anakwenda chini kabisa, palipotulia maji. Mtu wa Mombasa angeshangaa. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. "Chini" ya Homa Bay ni juu ya minara yote ya Mombasa. Lugha za programu ndivyo zilivyo. FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 na kundi lililoongozwa na John Backus, ilikuwa kilele cha wakati wake, kwa sababu mhandisi aliweza kuandika fomula karibu kama alivyoiandika kwenye daftari. Wengi hawakuamini kwamba mashine ingeweza kujitafsiria fomula hizo vizuri kama fundi wa kibinadamu. C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ngazi ya juu kwa aliyetoka kwenye asembli. Leo kijana aliyeanza na Python akitumwa kuandika C husema ametupwa chini, ashughulike mwenyewe na kumbukumbu ya mashine. C haijasogea. Aliyesogea ni anayetazama.

Kuna istilahi mbili zinazoandamana na hii, na hapa Kiswahili kina bahati kuliko lugha nyingi. Kila lugha ya ngazi ya juu inahitaji wa kuishusha mpaka kwenye sakafu. Njia ni mbili. Ya kwanza: programu nzima inasomwa, inageuzwa yote, na zao lake linahifadhiwa tayari kutumika. Ya pili: programu inageuzwa kipande kwa kipande huku ikitekelezwa. Wapo wanaoiita ile ya kwanza "kikusanyi", kwa kufuata maana ya kawaida ya jina lake la Kiingereza, "compiler", na mimi kila nikikutana nalo naona lori la taka. Tunayo maneno bora. Nenda kanisa lolote la Homa Bay siku ambayo mhubiri ni mgeni. Anasema sentensi moja kwa Kiswahili, kisha mtu aliyesimama kando yake anaitoa kwa Dholuo, kwa mikono ileile na ukali uleule, na pengine anauongeza. Huyo ni mkalimani. Biblia ya Dholuo iliyo mikononi mwa waumini, hata hivyo, ilifanywa na wafasiri walioketi mezani, wakamaliza kazi, wakaenda zao. Leo haimhitaji mfasiri ili isomwe. Mfasiri na mkalimani: tofauti ambayo walimu wa kompyuta huitolea jasho kipindi kizima, muumini yeyote wa Homa Bay anayo tangu utoto. Hata udhaifu wao unalingana. Mkalimani hugundua kosa la mhubiri pale linapotamkwa, katikati ya ibada, mbele ya watu. Mfasiri hulikuta mezani kabla kitabu hakijachapwa.

Vitabu vingi huifafanua lugha ya ngazi ya juu kuwa ile iliyo mbali na mashine na karibu na binadamu. Nusu ya kwanza haina mgogoro. Nusu ya pili imebeba swali ambalo halisemwi: binadamu yupi?

Grace Hopper alilikuta swali hilo mapema kuliko karibu kila mtu. Mwaka 1952 alikuwa ametengeneza A-0, mmoja wa wafasiri wa kwanza wa programu, na baadaye kundi lake huko Philadelphia likaunda FLOW-MATIC, lugha ya kazi za biashara iliyotumia maneno ya Kiingereza badala ya alama za hesabu. Alipokuwa akiwaonyesha wakubwa wa kampuni, alitoa mfano wa programu kwa Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwake jambo lilikuwa dogo: kwa mashine maneno yote ni alama tu, badilisha orodha na kazi inaendelea. Wakubwa walishtuka. Kwao haikuwezekana kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa. Alisimulia mwenyewe mwaka 1978 kwamba ilimchukua miezi kuwatuliza, kwa kuwaahidi kwamba ni Kiingereza tu kitakachotumika. FLOW-MATIC ikawa mmoja wa wazazi wa COBOL, na COBOL ikaenda kwenye mabenki ya dunia nzima na Kiingereza chake.

Kwa hiyo "karibu na binadamu" iliamuliwa mapema kuwa karibu na mtu wa Philadelphia. Hebu pima umbali huo ukiwa Migori. Hapa mtoto anaweza kuwa na Dholuo nyumbani, au Kikuria kama ni wa Kehancha, Kiswahili cha sokoni na kituoni, na Kiingereza cha ubaoni. Visiwani Mfangano na Rusinga, Kisuba kimeachwa zaidi kwa wazee huku watoto wakikulia kwenye Dholuo. Sera ya elimu hutaka mtoto wa madarasa ya mwanzo asomeshwe kwa lugha ya eneo lake, kisha kuanzia la nne Kiingereza kikamate usukani. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu iliyotayarishwa na kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, na lugha yake ni Python. Mtoto anayefika kwenye Python kutoka kwenye Dholuo amepanda ngazi mbili, na moja kati yake haina uhusiano wowote na kompyuta.

Watafiti wamekuja kulipima jambo hili wakiwa wamechelewa. Kwa miongo mingi lugha za programu zilitungwa kwa ladha ya mtunzi na kutetewa kama timu za mpira. Jean Sammet, katika kitabu chake cha mwaka 1969, tayari alikuwa na lugha kama 120 za kueleza, na jalada lake likachorwa Mnara wa Babeli. Waliouliza watu halisi, wale wasiojua, wanafahamu nini wakisoma neno fulani, walikuwa wachache. Andreas Stefik na Susanna Siebert walichapisha mwaka 2013 jaribio linalonifurahisha mpaka leo. Waliwagawia wanaoanza kuandika programu lugha kadhaa, na kati yake wakachomeka moja waliyoiita Randomo, ambayo alama zake zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Waliotumia Perl na Java hawakupata usahihi wa maana kuwazidi waliotumia ile ya bahati nasibu. Python, Ruby na Quorum zilifanya vizuri zaidi. (Quorum ni ya Stefik mwenyewe, msomaji aliweke hilo moyoni.) Walipowauliza watu neno gani linaeleza kurudia kitendo, "for", ambalo limo karibu kila lugha, lilionekana halieleweki. "Repeat" lilieleweka mara moja. Ikiwa wao, wenye Kiingereza, walilala nje mbele ya "for", mtoto wa Kehancha alale wapi?

Huo ndio mlango wa Kiswahili, na ni hapa ninapowaomba watunzi wenzangu wa istilahi wawe wapole na kamusi. Kwa kitendo cha kurudia, nimewahi kuona "kitanzi". Kamba ina kitanzi, ni kweli, lakini mwambie kijana wa kwetu "sasa tutaingia kwenye kitanzi" uone atakavyokutazama. Sema "rudia", sema "marudio". Kwa namba inayoweza kubadilishwa, hesabu imetupa "kigeu", nalo ni neno zuri, lenye faida ya kukaa jirani na kigeugeu. Sijaona darasa linalolisahau baada ya mfano wa mwanasiasa mmoja. "Print" ya Python nayo ni mtego kwa mwenye Kiingereza na asiye nacho: haichapi karatasi. Ni masalia ya siku ambazo kompyuta ilijibu kwa mashine ya kuchapa. "Onyesha" lingemtosha mtoto. Na tafadhali, tusiseme watoto "wanakodi". Mzazi anayedaiwa kodi ya nyumba hahitaji kusikia kwamba na mwanawe ameanza kukodi.

Je, kubadilisha maneno kunasaidia kweli, au ni fahari ya watu wa lugha? Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walilichunguza hili mwaka 2017 kwa kutazama watumiaji wa Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotengenezwa MIT kwa ajili ya watoto. Walilinganisha, katika nchi 5, watoto walioitumia kwa lugha ya nchi yao na wale wa nchi hiyohiyo walioitumia kwa Kiingereza. Walioitumia kwa lugha yao walianza kutumia dhana mpya za programu kwa kasi zaidi. Scratch ipo kwa Kiswahili. Unaichagua kwenye orodha ya lugha, na vipande vinageuka mbele ya macho yako. Nakiri nchi zile 5 hazikuwa za Afrika, na kwa mtoto wa Mfangano Kiswahili chenyewe si lugha ya nyumbani. Hata hivyo ni lugha aliyonunulia sukari.

Upande wa pili una hoja zake, na sitaki kuupita kimya. Philip Guo mwaka 2018 alichapisha majibu ya watu 840 kutoka nchi 86 wanaojifunza programu wakiwa hawakuzaliwa na Kiingereza. Walilalamika juu ya kusoma maelezo, kusoma programu za wengine, kuuliza maswali. Dawa waliyoitaka, wengi wao, ilikuwa Kiingereza chepesi zaidi, picha zaidi, na mifano isiyodai ujue utamaduni wa Marekani. Wengine walisema programu ndiyo iliyowatia hamu ya kujifunza Kiingereza. Fundi wa Migori anayeandika kwa maneno ambayo fundi wa Nairobi hayasomi amejifungia chumbani. Warusi walikubali gharama hiyo: wahasibu wao hutumia mfumo wa 1C ambao lugha yake ina maneno ya Kirusi, na unafanya kazi. Lakini Warusi ni soko kubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, wa kubadili maneno bila kujifungia, hauko darasani. Homa Bay ilikuwa na kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini katika utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima. Migori ilikuwa asilimia 13. Mgonjwa wa VVU anahitaji kumbukumbu za miaka, si za siku ile tu, na katika vituo vingi vya afya vya Kenya, vya kwetu vikiwemo, kumbukumbu hizo zimo kwenye KenyaEMR. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa madaktari wa Eldoret na Marekani, na imeandikwa kwa Java. Aliyeiandika alikuwa kwenye ngazi yake. Karani anayejaza fomu kwenye kituo kando ya ziwa yuko juu zaidi: haoni Java, anaona visanduku. Na humo ndani kuna jambo ambalo watu wa istilahi tungelilipia. OpenMRS ina kamusi ya dhana, na kila dhana ina namba. Katika kamusi inayotumika sana, uzito wa mwili kwa kilo ni 5089. Kimo kwa sentimita ni 5090. Majina huja baadaye, mengi kadiri unavyotaka, kila moja na lugha yake. 5089 inaweza kuitwa uzito, au kwa Dholuo *pek*, na hakuna rekodi hata moja ya mgonjwa itakayoguswa. Hopper aliwaambia wakubwa wake jambo hilohilo.

Mwaka jana nilipita Isebania, mpakani na Tanzania, nikakaa na kijana mwenye kibanda cha simu anayejifunza Python usiku. Alinionyesha programu yake ya kuhesabu faida ya mama yake. Maneno ya lugha yalikuwa ya Kiingereza, kama yanavyotakiwa, ila kila kigeu alikipa jina mwenyewe: faida, deni, gorogoro, bei_ya_omena. Rafiki yake wa Sirari, hatua chache ng'ambo ya pili, aliinakili kwa ajili ya shangazi yake. Akapitia mstari kwa mstari, na kila penye "omena" akaandika "dagaa". Mashine haikuuliza kitu.